Jina Lenye Mstari: Historia ya Mwalimu Étienne Badibanga

Mababa na wamama wa mtaa wa Furu, walimu wenzetu, kwa kawaida karatasi hii husomwa na mtu wa damu, lakini mnaona wenyewe kwamba benchi la familia mbele ya sanduku halina mtu, kwa hiyo imenibidi nisome mimi, Kavira Florentine, niliyekuwa mwanafunzi wake, na marehemu alipanga chumba kwa wazazi wangu.

Mwalimu Étienne Badibanga alizaliwa Gandajika, Kasai Mashariki, tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne na wa mwisho, akasoma shule ya msingi hukohuko, sekondari Kananga, kisha saikolojia kwenye chuo kikuu cha Kisangani, kuanzia 1973 hadi 1978, alikojifunza ile alama ambayo kila aliyepita darasani kwake anaikumbuka, yaani herufi S iliyopigwa mstari katikati.

Alifundisha Mbuji-Mayi tangu 1979, akafunga ndoa huko na Julienne Kapinga tarehe 26 Desemba 1981, wakapata watoto wawili, Victoire mwaka 1983 na Grady mwaka 1986, na tarehe 3 Oktoba 1994 serikali ikamtuma Butembo, kwenye shule yetu ya ualimu, kwa miaka miwili tu, ndivyo barua ilivyosema. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, naye alipewa, akalima maharagwe nyuma ya nyumba yetu, akala viazi vya Masereka miaka yote hiyo, na kila akimaliza sahani alimwuliza mama yangu chakula chenyewe kitaletwa saa ngapi, maana mtu wa Kasai pasipo fufu, ule ugali wa mahindi, hajala.

Vita vya kwanza vilimpita akiwa hapa, akavumilia, na mwaka 1998 alipata nafasi kwenye ndege ya mizigo ya kutoka Beni tarehe 8 Agosti, lakini vita vya pili vilianza tarehe 2, nchi ikakatwa, upande mmoja yeye, upande mwingine mke na watoto wake.

Ni katika miezi hiyo alipotufundisha ile S. Nilidhani amekosea, nikamwambia aifute aandike ingine, akajibu haikuharibika, akaeleza kwamba S ni mtu anayesema, na mstari ni maneno yenyewe, kwa sababu mtoto akijifunza kusema anapata njia ya kuomba maziwa, lakini kuna kitu ndani yake kisichopata neno, kinabaki nyuma, hivyo kila anayesema amekatwa, na hata yeye mwenyewe hajijui mzima. Hatukuelewa sana, tulinakili tu kwa ajili ya mtihani.

Tulielewa kwenye daftari la mahudhurio. Wote mnajua kwamba mwanafunzi aliyeacha shule hupigwa mstari wa wino mwekundu, na jina lenye mstari haliitwi tena, na mwaka 1999 darasa letu la watu arobaini na wawili lilikuwa na mistari kumi na moja, wengine wamekimbilia porini, wengine wamechukuliwa na wenye bunduki, wengine hakuna ajuaye. Mwalimu aliwaita wote kumi na mmoja, kila asubuhi, na baada ya kila jina alingoja pumzi moja, kisha akaendelea. Mkuu wa shule alipomwuliza kwa nini anapoteza wakati, alimjibu hivi: "Mustari hausemi hakuna mutu. Unasema mutu iko, na kuko kitu kinakosekana."

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi alisafiri kwenda Beni, kwenye phonie ya mapadri, ile redio ya kusemea mbali, akapanga mstari na watu wengine, na zamu yake ikifika alisema na mke wake huku watu ishirini wakimsikiliza mgongoni, akasema yuko bien, viazi vinapatikana, awasalimie watoto, à vous, neno la kumpa mwenzako zamu ya kusema. Mwezi Machi mwaka huu mama Julienne alimwambia kwamba Victoire ameposwa, na kwamba anayengojewa ni baba tu, naye akajibu kwamba amekubali, arusi isimngoje, à vous, akatoka, akakaa kwenye ukuta wa parokia mpaka gari la mwisho lilipokaribia kumwacha. Aliporudi nilimwuliza kama walisikilizana vizuri, akaniambia: "Maneno yote nilisema ni ya kweli, mais mimi sikukuwa ndani."

Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemwanza mwaka 2000, dawa ikapatikana mwezi mmoja na kukosekana miwili, na tarehe 4 Mei alianguka kwenye mstari wa phonie kabla ya kufikiwa na zamu, akalazwa Beni, akakata roho tarehe 17 Mei 2002, saa nne asubuhi, nikiwa nimemshika mkono, na ilikuwa vigumu kwangu, sitaficha.

Kitandani aliianza karatasi hii kwa mkono wake, nami nimeimalizia, akijua kwamba hapa hakuna anayezijua tarehe zake, na juu kabisa aliandika jina lake, akalipiga mstari. Jana kamati ya matanga, chini ya mzee Sikuli, iliniagiza niinakili upya bila ule mstari, kwa sababu kusoma jina lililokatwa mbele ya maiti ni kama kumkana, na wengine walinong'ona kwamba anayekata jina lake ana jambo analificha, pengine aliitupa familia yake, ndiyo maana hakuna aliyekuja. Wazee wangu, hakuitupa, na wao hawajaja kwa sababu tangu jana tunaita Mbuji-Mayi kwa phonie na hakuna anayejibu, nami sikuinakili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Beni waliogawana naye dawa ambayo haikutosha, dereva aliyemrudisha bila kuogopa vizuizi vya askari, majirani wa Furu waliolala nje na sisi, walimu wenzake waliochimba kaburi kwa mikono yao.

Kabla hatujamtelemsha, naomba nimwite alivyotufundisha, jina lake na mstari wake, na mtu yeyote asiitike kwa niaba yake, tungoje tu pumzi moja kama alivyowangojea wale kumi na mmoja.

Étienne Badibanga.

Leo si lazima uitike, Mwalimu. Pumzika kwa amani.