Aliyesema Basi ni Mimi

Sogezeni viti, wanangu, na wewe mkubwa usisimame hapo mlangoni kama abiria, lori lako liko nje na haliendi popote bila dereva. Kaa upande huu, dada yako akae ule, mtazamane hata kama hamtaki. Sauti yangu imebaki kidogo, si ile ya kwenye televisheni iliyokuwa inawatisha watoto wa jirani, kwa hiyo sitarudia neno, na asinikatize mtu mpaka nimalize.

Nianze na mali, kwa kuwa ni chache na hazitatuchelewesha. Nyumba hii msiiuze wala msiigawe kwa ukuta. Vyumba vya mbele ni vya dada yako na cherehani yake, vya nyuma ni vyako na mkeo, na ua ni wa wajukuu, wavunje wanachotaka. Ukumbi wa mazoezi, pamoja na magunia ya kupiga na ile saa ya raundi inayochelewa, nauacha kwa vijana wanaojifunza ngumi pale, na wasimamizi ni nyinyi wawili, kila karatasi isainiwe na wote. Naona mnavyokunja uso. Nimefanya makusudi. Suti yangu ya kijivu mpeni fundi taa wa studio, ameimezea mate miaka mingi, ila mwambieni ukweli kwamba suruali ilishapasuka mara mbili na marehemu mama yenu ndiye aliyeishona.

Sasa niseme lililonifanya niwaite.

Mnajua niliitwa Kigingi, maana nimewachosha kwa kujisifu. Nilipigana mapambano thelathini na nane na hakuna aliyewahi kuniangusha. La thelathini na tisa lilikuwa la mkanda wa ubingwa, na raundi ya tisa, nikiwa nimesimama kwa miguu yangu mwenyewe, mwalimu wangu alirusha taulo ulingoni, pambano likasimamishwa. Mtu huyo ndiye aliyeniokota sokoni nikibeba magunia, akanifundisha hata kufunga kamba za viatu vya ulingoni. Lakini nilishuka nikamtukana mbele za watu, na kesho yake nikawaambia waandishi wa habari kwamba amehongwa. Sikuwa na ushahidi hata chembe. Watu wakaacha kumpelekea vijana wao, akafunga ukumbi, akarudi kwenye kazi yake ya zamani ya kushona viatu, na hakunijibu hata neno moja gazetini. Nikamnunia miaka kumi na mmoja.

Jicho langu la kushoto halikupona, ngumi zikaisha, nikapata kazi ya ulinzi kwenye geti la studio. Siku moja mwongozaji akapita, akaitazama pua hii iliyovunjika mara tatu, akasema hakuna fundi wa vipodozi awezaye kuunda pua kama hiyo. Wakanipa nicheze bawabu kwenye tamthilia, na maneno yangu yalikuwa mawili tu, kwamba bosi hayupo. Niliyafanyia mazoezi wiki nzima mbele ya mama yenu, kwa hasira, kwa huzuni, kwa kunong'ona, mpaka akaweka mwiko chini akaniambia, "Baba watoto, nimeelewa. Hayupo." Basi hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye uigizaji, na mkala na mkasoma kwa kazi hiyo.

Baadaye wakanipa nafasi kubwa, nicheze mwalimu wa bondia. Kulikuwa na sehemu moja ambapo kijana wangu anapigwa vibaya na mimi natakiwa kurusha taulo. Kamera ikawashwa, nikalishika, nikashindwa. Mwongozaji akakata, tukaanza upya, nikashindwa tena, mara sita, hadi watu wa taa wakaanza kuangalia saa zao. Mara ya saba nikamtazama vizuri yule mwigizaji, damu ya rangi usoni, miguu inatetemeka kwa ufundi wake tu, naye akaniangalia akijifanya ni mzima. Uso ule niliujua, wanangu. Ulikuwa wangu. Nikarusha taulo huku nalia, na mwongozaji akanipigia makofi akidhani nimeigiza.

Asubuhi yake nikaenda kwa mwalimu. Nilimkuta kwenye kibanda chake, kiatu cha mwanamke mapajani, nywele zote nyeupe. Hakushtuka. Akasema, "Umechelewa. Kaa." Nikakaa kwenye kigoda cha wateja. Sasa, sisi tulikuwa na desturi yetu, kila mwisho wa raundi yeye huinua vidole, nami huvihesabu, ajue kama macho yanaona. Akaniuliza, "Siku ile nilipokuuliza vidole vingapi, ulisemaje?" Nikamjibu nilisema viwili, maana siku zote alianza na viwili. Akavuta uzi akaukata kwa meno. "Sikuinua hata kimoja," akasema. "Nilikuonyesha ngumi."

Nililia pale kama mtoto, na wenye viatu vyao wananitazama. Nikaenda gazetini nikayafuta kwa mdomo wangu yale niliyosema. Mwalimu aliishi miaka minne zaidi, na kila tamthilia ikionyeshwa alikuja kukaa kwenye kiti hicho ulichokalia, anicheke namna ninavyotembea. Ilikuwa miaka minne mizuri sana. Ile kumi na mmoja niliitupa mwenyewe.

Nipeni maji kidogo. Hayo yanatosha.

Mkubwa, sikiliza hapa, maana hili ni lako. Wewe ulikuwa safarini madaktari waliposema nipasuliwe mara ya pili. Uliporudi ulinikuta nyumbani, ukaambiwa dada yako amekataa, ukamwambia pale sebuleni kwamba ameniua ili arithi nyumba. Ukuta huu ni mwembamba, nilisikia kila neno. Mwanangu, aliyesema basi ni mimi. Daktari alieleza kila kitu, nikaona sina raundi nyingine, nikamshika dada yako mkono nikamwambia asaini kwamba nimekataa, kisha nikamwapisha asikwambie. Niliona haya. Wewe ulikuwa unawapiga wenzako shuleni wakikataa kwamba baba yako hajawahi kuanguka, na mimi mzee mzima nikaogopa kulivunja hilo. Basi nikamwacha binti yangu abebe lawama yangu siku kumi na tisa. Anakupikia, anakuwekea chakula mezani, anatoka kabla hujaketi. Nami nimelala hapa nimefumba mdomo. Nilimfanyia mwalimu hivyo hivyo nikiwa na nguvu zangu, na nimerudia nikiwa sina.

Binti, nisamehe. Nakufungulia kiapo chako leo.

Na wewe mkubwa, usilie ukiinamia magoti, mlilie yeye. Mwombe radhi leo hii, usingoje nizikwe ndipo mkumbatiane mbele ya wageni. Binti, akikuomba usimzungushe, namjua, ulimi wake mzito. Msichukue miaka kumi na mmoja. Sitakuwepo kuwasukuma.

Wajukuu waambieni babu alianguka, na aliposhuka alikuwa ametulia. Atakayetaka ngumi apige, atakayetaka kuigiza aigize, ila kwanza amalize shule.

Niinueni kidogo, kifua kinabana. Si wewe peke yako, mkubwa, utanikunja kama turubai la lori. Wote wawili. Mmoja huku... ndiyo. Taratibu.

Hivyo.

Mmejisikia? Amesema, "Kaka, shika kichwa." Na wewe umesema, "Nimeshika." Siku kumi na tisa nimelisubiri hilo.

Mungu awape umri kupita wangu. Awape nyumba yenye kelele, watoto wabishi, kazi ya mikono isiyokatika. Mimi nawaachia radhi zangu zote, za baba na za mama yenu pia, aliniachia mimi niwape...

Mto hapana. Hapa hapa, kati yenu, panatosha. Msiniachie kwanza.