Bwana Kidole, Aliyewapima Wengine kwa Damu Yake

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 katika chumba cha nyuma cha duka la fundi cherehani, akiwa kitinda mimba wa watoto wanne. Alisoma shule ya msingi jirani na karakana ya reli, 1966 hadi 1972. Siku wauguzi walipokuja kuchanja, alijificha ndani ya kabati la ramani, mwalimu akamtoa kwa kumvuta mguu. Ajabu ni kwamba mtoto huyohuyo alihitimu masomo ya maabara mwaka 1981, akachoma vidole vya mji mzima kwa miaka thelathini na saba. Watoto walimbatiza Bwana Kidole, na wakimwona kwa mbali walificha mikono mifukoni.

Mwaka 1984 alimwoa karani wa mapokezi wa hospitali alikofanya kazi. Mama husimulia kwamba alipimwa malaria mara moja, lakini majibu yakaletwa mezani kwake mara tatu.

Mwaka 2006 maabara ilipata mashine ya kupima sukari, mafuta ya damu na vimeng'enya vya ini, yaani viashiria vinavyoweza kuonyesha kwamba mtu anaelekea kwenye kisukari miaka mingi kabla hajaumwa. Kila asubuhi mashine ilipaswa kulinganishwa na chupa maalumu za kiwandani, nazo zikawa hazifiki. Marehemu hakupenda kazi ilale. Kwa kuwa alikuwa mzima kama kigingi, akaamua damu yake iwe ndiyo ya kulinganishia. Kila mwezi alijitoa damu, akaigandisha kwenye friza. Namba zilipoanza kupanda kidogokidogo mwaka 2012, alisema mashine imechoka, akairekebisha mpaka ikasoma damu yake kama zamani. Alifanya hivyo kwa miaka sita.

Mama alimlalamikia kwamba anakunywa maji kama anayezima moto. Alijipima, mashine ikasema yuko sawa. Miaka hiyo karibu kila mtu alikuwa sawa, Mama akiwemo, na watu walitoka dirishani kwake wakicheka.

Novemba 2018 alikuja fundi wa mashine na chupa za kiwandani. Alihangaika mpaka adhuhuri, kisha akavua miwani.

"Mzee, mashine haina neno," alisema. "Anayeumwa ni huyu mliyemfanya kipimo."

Marehemu akauliza, "Na wale niliowaambia wako sawa?"

Binti wa kwanza wa marehemu, ambaye ni muuguzi, alivitoa vichupa kwenye friza na kuvipanga mwaka baada ya mwaka. Walipovipima upya, walimwona baba akiugua taratibu, mwezi kwa mwezi, ilhali mwenyewe ameketi hapo akitazama.

Aliandika majina mia nne na kumi na mawili ya watu wa kupimwa upya, akaanza kuwafuata nyumba kwa nyumba na mkongojo wake. Katika nyumba ya sita aliambiwa mwenye jina ameshazikwa. Hakula siku mbili. Kidonda cha mguu kilimlaza mwezi Machi, akiwa amewafikia mia na sita. Kitandani, mgeni akimpa mkono hakusalimia, aliugeuza, akatazama ncha ya kidole kwa muda mrefu, halafu akauliza, "Wewe nilikupima lini?" Wapo walioacha kuja kumjulia hali kwa sababu ya swali hilo, na hatuwalaumu.

Figo zilimshinda, akafariki tarehe 14 Juni 2019, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Jana binti yake alipitisha kichupa cha mwaka 2006 kwenye mashine mpya. Mashine ikasoma damu ya mtu mwenye afya njema, asiye na dalili yoyote. Binti anakiri kwamba alitoka bila kuzima taa.

Marehemu ameacha mjane, aliyepimwa upya na sasa anatumia dawa, watoto watatu, wajukuu watano, na watu mia tatu na sita ambao hakuwahi kuwafikia. Wengi wenu mmeketi hapa, na kila mmoja anajijua kuwa ni mzima. Binti yake muuguzi ameweka meza ya kupimia kando ya lango. Baba yetu na apumzike kwa amani, atakapokwisha kupimwa wa mwisho wenu.