Mstari wa Arobaini na Saba: Maisha ya Mwalimu Nathanaeli Rutashobya wa Ijumbi, 1914–1956

Katika kiangazi cha mwaka 1922 kahawa ilizaa sana Ijumbi, hata majamvi ya kuanikia yakapungua. Nathanaeli, akiwa na umri wa miaka minane, aliwekwa uani kufukuza kuku wasizichakure buni. Mama yetu, Anatolia, alipotoka jikoni alimkuta amezipanga buni katika miraba: moja, kisha tatu za kuizunguka, kisha tano, kisha saba.

"Nilikuambia uwafukuze kuku au uwapangie viti?" aliuliza mama.

"Ma, kila mara nikiongeza mbili kuliko safari iliyopita, pembe nne zinatimia," alijibu. "Sijui kama itakuwa hivyo siku zote."

Kuku walikuwa wamekwisha kutawanya upande wa pili wa jamvi, naye alichapwa. Lakini jioni ile alikula chakula chake akiwa bado anahesabu kwa vidole.

Marehemu alizaliwa hapa Ijumbi tarehe 14 Machi 1914, mtoto wa tatu wa Mzee Filemoni na Mama Anatolia, ambao wote wawili wamemtangulia. Alibatizwa Pasaka ya mwaka 1920. Mwaka 1923 aliingia shule ya misheni ya kijiji, kisha shule ya kati, na mwezi Desemba 1934 alipata cheti cha ualimu. Aljebra alianzishiwa na padre mmoja aliyempa kitabu kisicho na jalada. Logarithmu hakufundishwa na mtu. Alijifunza peke yake, ukurasa baada ya ukurasa, na kanuni aliyoisoma hakuitumia kabla ya kuithibitisha kwa mkono wake mwenyewe.

Alifundisha Kagoma tangu 1935 hadi 1947. Mwaka 1948 aliitwa kufundisha hesabu katika shule ya sekondari ya misheni karibu na Bukoba, darasa la tisa na la kumi. Waliosoma kwake wanakumbuka kwamba jibu sahihi halikumtosha. Mwanafunzi akisema, "Mwalimu, nimepata," yeye alikuwa akimwambia, "Ulipofika napaona. Sasa nionyeshe njia uliyopita."

Tarehe 6 Januari 1940 alifunga ndoa na Penina wa Nshamba. Mungu aliwajalia watoto watano. Watatu kati yao wamelala katika kibanja hiki hiki, chini ya migomba ambapo baba yao atalala leo. Wa mwisho wao, Klaudia, alikufa kwa homa Jumatano tarehe 14 Septemba 1955, akiwa na miaka sita.

Hapa pana jambo ambalo sisi ndugu zake tungependa kulipita kimya. Marehemu aliagiza lisomwe, nasi tunatii.

Mwaka ule mchwa waliingia katika sanduku la vitabu vya shule, wakala ukurasa ule ule katika vitabu vitano vya majedwali ya logarithmu. Mtihani wa darasa la kumi ulikuwa Novemba, na vitabu vingine havikupatikana; vile saba vilivyobaki vizima wanafunzi walikuwa wakivitumia kila siku. Bwana Thakorbhai, mwenye duka mjini Bukoba, alikubali mwanawe Pradip amwazime Nathanaeli jedwali lake, ila lirudi kabla ya Jumamosi tarehe 17, siku ambayo kijana alipanda meli kurudi masomoni. Nathanaeli alilileta nyumbani Jumanne ili alinakili kwa utulivu. Kesho yake Klaudia akafa.

Wote mnajua kwamba kwetu, siku za matanga, hakuna anayeshika jembe. Ijumaa, mtoto akiwa amezikwa jana yake, Nathanaeli aliketi kati ya waombolezaji na karatasi magotini, akaanza kuandika. Baba yetu mdogo, Mzee Mutembei, alimgeukia.

"Nathanaeli, hiyo si kazi?"

"Si jembe, tata," alijibu, kama mwana kwa baba.

"Nimeuliza kama ni kazi."

Mzee mmoja akaingilia kati: "Mwache, waitu, mwenzetu. Kalamu haichimbi ardhi."

"Kumbe!" akasema mwingine. "Tungalijua hivyo, sote tungalisoma, majembe yakapumzika."

Wachache walicheka, kwa sauti ya chini kama ichekwavyo msibani. Nathanaeli hakuinua kichwa. Aliandika nakala ya kwanza kutoka kitabu cha Pradip. Nakala nne zilizobaki, kwa kuwa mtu wa kukirudisha kitabu mjini alikuwa amesimama mlangoni, alizinakili kutoka ile ya kwanza. Mtu aliyewafundisha wengine kupitia kila hatua mara mbili, siku ile hakupitia.

Kwenye mstari wa 47 alikuwa ameandika tarakimu za mstari wa 48, kisha akaziandika tena mahali pake.

Mtihani ulifanyika Novemba. Matokeo yalikuja Februari 1956. Wanafunzi saba walifaulu hesabu, na watano walianguka. Watano hao ndio waliotumia karatasi za mkono wake. Aliwaita mmoja mmoja, akawauliza walipata nini katika swali la logarithmu na katika lile la mfuatano wa namba lililolitegemea. Wote watano walitaja jibu lile lile lisilo sahihi. Alifungua nakala yake, akaiweka kando ya jedwali zima, akauona mstari.

Mkuu wa shule alimpa ushauri wa upole. "Matokeo yamekwisha kutoka, Mwalimu. Hakuna aliyeuliza."

"Wao hawajui kwamba kuna la kuuliza, bwana," alijibu. "Mimi ninajua."

Aliandika barua kwenye ofisi ya mitihani, akaeleza kosa na kutia sahihi. Jibu lilikuja Aprili: matokeo hayatabadilishwa, ila watahiniwa watano wanaruhusiwa kurudia mtihani Novemba 1956. Barua ya pili, iliyokuja wiki hiyo hiyo, ilimwondoa sekondari na kumrudisha kufundisha darasa la kwanza hapa Ijumbi.

Kisha alipanda baiskeli, akaenda nyumba moja baada ya nyingine kuwaambia wazazi. Mahali pengine alipewa kiti. Kagoma, kwa Mzee Rugaibula, hakupewa. Mwana wa Mzee Rugaibula, Mujuni, alikuwa wa kwanza darasani kwa aljebra, naye alikuwa amekwisha kuvuka kwenda Uganda kutafuta kibarua.

"Alituambia yeye ni mjinga," alisema Mzee Rugaibula. "Nami nilimwambia ndiyo. Nilimwambia hivyo mbele ya mama yake. Sasa unakuja na baiskeli kuniambia hakuwa?"

"Hakuwa, Mzee. Mjinga alikuwa mkono wangu."

"Basi mkono wako ukamlete."

Nathanaeli alituma barua Kampala na Masaka kwa kila Mhaya aliyemfahamu. Mujuni hakuonekana. Wenzake wanne walikuja, na tangu Mei marehemu aliwafundisha hapa uani kila Jumamosi: milinganyo, mifuatano, logarithmu, na uthibitisho mfupi mfupi ambao kila hatua yake ilipaswa kuandikiwa sababu.

Mwezi huo huo wa Mei alianza kukohoa damu. Daktari wa misheni alimtaka alazwe miezi sita bila kutoka. Alikataa. Penina alimsihi mbele yetu: "Nathanaeli, mtihani ni wao. Mapafu ni yako."

"Novemba, Penina. Nipe mpaka Novemba."

"Siyo mimi wa kukupa."

Ili asiwaambukize vijana, aliwaketisha upande upepo unakotoka, yeye akakaa mbali, karibu na zizi. Wao walisoma kazi zao kwa sauti, naye akainua mkono palipokuwa na kosa. Kufikia Septemba hakuweza tena kuketi. Madaftari yakawa yanapelekwa kitandani na mkewe. Alifariki Jumanne tarehe 9 Oktoba 1956, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili.

Ameacha mjane, Penina. Watoto wawili, Georgina na Elieza. Dada yake, Kokugonza. Na mimi kaka yake. Ameacha pia wanafunzi wanne ambao mtihani wao ungali mbele kwa wiki sita, na ambao wamesema watafundishana wenyewe. Mzee Rugaibula yupo nasi hapa kaburini. Bwana aliyempa siku zake ampokee, na ampe pumziko alilokataa kulichukua.

Yafuatayo yameelezwa na Penina, aliyekuwa kando yake. Jumatatu tarehe 8 Oktoba, saa kumi alasiri, marehemu alisahihisha madaftari manne, akayarudisha. Kisha aliomba daftari jipya. Aliandika jina la Mujuni juu ya jalada, akanakili ndani yake maswali saba ya mazoezi ya wiki hiyo, akasubiri wino ukauke, akaliweka juu ya mengine manne.