Bi Rudia na Saa Iliyobaki Nyuma

Usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 9 Oktoba 2024, mama yake Bi Rudia alikaa sebuleni, simu mapajani, masikio barabarani. Kila gari lililopunguza mwendo lilimwinua kitini. Simu ililia alfajiri. Alikuwa mkwewe, mume wa binti yake, kutoka hospitali. Alipumua tu, na mama akajua.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1988, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na muuza maziwa. Alikuja kabla ya wakati wake, mdogo hata kila nguo ikampwaya. Tangu hapo mama yake alizoea kuamka usiku kumsikiliza kama anapumua, na hakuiacha tabia hiyo hata binti alipokuwa mtu mzima. "Mama, mimi niko hai, nenda kalale," alikuwa akimwambia gizani.

Alianza shule ya msingi mwaka 1995. Alipokuwa darasa la nne, mwalimu wa hesabu alimwita mama. "Mtoto wako ana kiburi. Nimemwonyesha njia sahihi, yeye anarudia ile ile ya makosa." Mtoto akajibu huku ameinamisha kichwa: "Sina kiburi, mwalimu. Natafuta nilipopotelea." Mwalimu akacheka, akampa chaki. Alimaliza sekondari mwaka 2006 na chuo cha kompyuta mwaka 2010.

Kazi yake mama hakuielewa upesi, mpaka binti alipomweleza kwamba ndani ya kompyuta moja unaweza kufungua nyingine isiyoshikika, yenye skrini yake na saa yake, kama chumba ndani ya chumba. Ofisi nyingi huendeshea humo programu zao za zamani, na zikigoma, simu zilimfikia yeye, katika ofisi iliyo juu ya duka la dawa, alipofanya kazi tangu Januari 2011. Kila mteja alianza kwa kuapa: "Sijafanya kitu, dada!" Naye alijibu kwa upole, "Basi hicho ambacho hujafanya, rudia nione." Ndiyo maana wenzake wakamwita Bi Rudia. Hakugusa hitilafu kabla hajaiona ikitokea mbele ya macho yake, na ilipopona alisema neno moja tu: "Imekubali."

Mumewe ni fundi umeme. Walikutana siku alipozima umeme wa jengo zima, wakati Bi Rudia alipokuwa akivizia hitilafu moja tangu asubuhi. Alishuka ngazi kwa hasira. "Wewe ni fundi wa kuwasha au wa kuzima?" "Inategemea nani anauliza, dada." Siku hiyo hakucheka. Walifunga ndoa tarehe 22 Juni 2013, wakajaliwa binti mmoja.

Mwaka 2022 mama alianza kuona uso wa mwanawe umevimba asubuhi. Akiuliza, anaambiwa ni usingizi. Alipokubali kupimwa, figo zilikuwa zimechoka. Alikwenda kusafishwa damu na kompyuta yake begani. Muuguzi alimtania: "Dada, hapa tunatengeneza watu tu." Akamjibu, "Mkishindwa kuona tatizo semeni, nitaumwa tena mwone."

Kazi yake ya mwisho ilihusu saa. Ukifunika kompyuta ikalala, ukaifunua kesho yake, ile ya ndani iliamini bado ni jana. Zahanati moja ilikuwa ikiandika humo chanjo za watoto, na tarehe zikawa si zenyewe. Jumapili jioni, tarehe 6 Oktoba, aliweka marekebisho yake, akaifunika kompyuta, akafunga mlango wa chumba chake cha kazi pale nyumbani, akampa mama ufunguo. Mumewe na mdogo wake walikuwa wameshamshika mikono kumpeleka kwenye gari, aende hospitali. "Asiifunue mtu," alisema. "Nikirudi nitaona kama imekubali." Hakurudi. Moyo wake ulisimama alfajiri ile ya Jumatano.

Baba yake alimtangulia. Ameacha mume, binti yake, mama yake na mdogo wake wa kiume.

Jana, Ijumaa, mwenzake wa kazini alikuja akasimama mlangoni. "Mama, zahanati wanauliza. Lakini tunaweza kungoja." Mama alisema mlango ule usiguswe. Aliyeahidi kurudi kuangalia ni mmoja tu, na akiangalia mwingine, basi ndiyo kweli hatarudi tena. Mkwewe akamwambia taratibu, "Mama, zile ni chanjo za watoto wa watu." Mama akaukunjua mkono wake. Ufunguo ulikuwa humo.

Mkwewe akafungua. Koti la marehemu lilikuwa kitini, waya wa umeme umechomekwa. Mwenzake akaifunua kompyuta. Saa ya ndani ilionyesha kwanza Jumapili jioni, na moyo wa mama ukaruka: kwa kitambo kile binti alikuwa bado yuko sebuleni, anatafuta viatu vyake. Kisha tarakimu zikabadilika, zikasoma Ijumaa.

"Imekubali," mwenzake akasema.

"Rudia nione," mama akamwambia.

Akaifunika, akangoja, akaifunua. Jumapili haikuonekana tena.

Tulipotoka leo kuja kumlaza, mlango wa chumba chake tumeuacha wazi. Kazi yake imekubali. Mwenyezi Mungu amjalie usingizi wa amani.