Kitabu cha Maji Kwenye Rafu ya Kuku

Pantoni ya Rufiji ilikuwa katikati ya mto, na Badru alikuwa anarudi kwao Chumbi kinyonge. Mtihani wa mekanika ya vimiminika ulikuwa wiki ijayo, na nakala pekee ya maktaba ya chuo ilikuwa haionekani tangu Ramadhani. Kando yake, bibi mmoja alikuwa anamsaili kijana mwenye fulana ya chuo hicho hicho, mtu wa mkondo mwingine.

“Dar unasomea nini, mjukuu wangu?”

“Mwendo wa maji, bibi.”

“Ewe! Mto wote huu, wewe ukayafuate maji Dar?”

“Yako kitabuni, bibi. Kitabu chenyewe kimoja, sisi themanini. Nimekificha rafu ya ufugaji wa kuku, nyuma kabisa.”

“Roho mbaya hiyo! Si mngesoma kwa zamu?”

“Zamu inanifikia nina wajukuu!”

Badru akageukia mtoni asionekane anavyocheka. Wiki tatu amepekua rafu za uhandisi mpaka vumbi limemjua jina. Kwa kuku hakupita hata kwa bahati mbaya.

Bibi alikuwa bado anamsuta kijana, pantoni ilipogusa ng'ambo. Watu wakashuka, Badru akabaki ameketi.

“Wewe, Chumbi ndiyo hii!” akapiga kelele mfunga kamba.

“Naijua, kaka. Nirudishe, nakwenda kusomea kuku.”