Mama Libé, Aliyezuia Lori kwa Sababu Hakuelewa

Tarehe 31 Machi, Mukarugwiza Libérata, ambaye ofisi nzima ya Gisenyi humwita Mama Libé, anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya uwakala wa forodha kwa miaka ishirini na minane. Wahariri wa jarida hili waliniomba niandike juu yake kwa kuwa meza zetu zimetazamana muda mrefu kuliko ndoa nyingi za mjini. Nilikubali haraka. Nilipokaa kuandika ndipo nilipogundua kwamba kisa kinachomtambulisha vizuri zaidi ni kile ambacho mpaka leo sijakielewa sawasawa. Yeye naye anasema hajakielewa.

Mama Libé alizaliwa Masisi, ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo, akarudi Rwanda na wazazi wake akiwa msichana mkubwa. Aliajiriwa kama mpiga chapa, akawa katibu, kisha msimamizi wa mawasiliano yote ya tawi: barua, faksi, na mwishowe barua pepe. Alikuwa na Kinyarwanda cha nyumbani, Kifaransa cha barua rasmi na Kiswahili cha wateja wa Goma, na mara nyingi vyote vitatu vilikutana katika sentensi moja bila kugombana.

Wakongwe wanakumbuka mwaka 2002, volkano ilipomwaga moto juu ya Goma na watu wakavuka kuja kwetu na magodoro kichwani. Mama Libé alifungua chumba cha mafaili, akasogeza makabati, akalaza humo familia za wateja wetu. Maharage yalipikwa uani kwa siku kadhaa, na hati za forodha za kipindi hicho zilinuka moshi mwaka mzima. Mmoja wa waliolala pale ni Faradji, wakati huo mvulana wa shule, leo mfanyabiashara anayejulikana pande zote mbili za mpaka.

Barua pepe zilipoanza kuja na wezi wake, kampuni ilituwekea kitufe chekundu juu ya kioo cha kompyuta. Ukiutilia shaka ujumbe, unakibonyeza, nao unakwenda kwa mafundi wa Kigali wauchunguze. Hakuna aliyekipenda kitufe hicho kama Mama Libé. Mwaka mmoja aliripoti hata salamu za Noeli za mkurugenzi wetu. Alijitetea kwamba mkurugenzi hajawahi kumwita "mpendwa", kwa hiyo lazima awe mtu mwingine. Mkurugenzi alicheka, nasi tukapata ruhusa ya kucheka.

Mwaka juzi tulibadilishiwa toleo la programu ya barua pepe. Asubuhi tulifungua kompyuta tukakuta kila kitu kimehamishwa, na kitufe chekundu hakipo. Régis, fundi wetu wa kompyuta aliyeko Kigali, alieleza kwa simu kwamba kitufe kile ni programu-jalizi, kitu kidogo kinachobandikwa juu ya programu kubwa, na kwamba kilichobandikwa kwenye toleo la zamani hakishiki kwenye jipya. Akaahidi kutuwekea kingine kutoka hukohuko aliko.

Alikiweka, na hapo ndipo tulipopotea kabisa. Kwangu kilitokea, na kila nilipokibonyeza kilinishukuru kwa adabu. Kwa Sano, mkuu wa kitengo cha matamko ya forodha, vilitokea viwili. Mwenzetu mmoja alirudi kwenye toleo la zamani, akakiona kimefifia, hakibonyezeki. Kwa Mama Libé hakikuonekana. Régis alimwambia afungue ujumbe kwanza, kisha atazame nyuma ya vinukta vitatu pembeni. Mama Libé alitazama, akakuta orodha ndefu ya Kiingereza yenye alama nyekundu katikati. Akabonyeza alama hiyo. Ujumbe ukatoweka, akaridhika kwamba mwizi amefika Kigali.

Siku chache baadaye, lori la Faradji lilikuwa limeegeshwa uwanjani kwetu, limetoka Dar es Salaam na majokofu ya kutunzia chanjo kwa ajili ya zahanati za upande wa Goma. Dereva alikuwa Mzee Rutagengwa, aliyeendesha magari ya Faradji tangu biashara yake ilipoanza. Asubuhi hiyo uliingia ujumbe kwa jina la Faradji, wenye nembo ya kampuni yake. Ulisema Rutagengwa amegunduliwa kuwa mwizi, ameachishwa kazi, na karatasi za kuvusha mzigo akabidhiwe dereva mpya. Dereva mpya alikuwa tayari ameketi mapokezi, ana kitambulisho, ana leseni, anamsalimu kila apitaye.

Mtu mmoja alikimbilia kumweleza Rutagengwa. Mzee alivua kofia, akakaa kwenye ngazi za mlangoni. Mama Libé alimsikia akisema polepole juu ya bosi wake:

"Bon. Kama patron amesema, amesema. Lakini angeniambia mi mwenyewe."

Sidhani kama kuna jambo jingine lililomgusa Mama Libé zaidi siku ile. Alirudi mezani, akausoma ujumbe tena na tena. Alitaka kuuripoti, lakini alipotazama nyuma ya vinukta vitatu hakuwa tena na hakika alama ipi inafanya nini. Alimpigia Faradji, simu haikupatikana. Anwani ilifanana na ya Faradji isipokuwa herufi moja, ambayo siku hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyeiona, yeye akiwemo.

Sano alisema maagizo ya mteja yaliyoandikwa yanatosha, na ndivyo utaratibu wetu ulivyokuwa. Akaongeza kwamba zahanati haziwezi kusubiri hisia za mtu, na kwamba tukimpoteza mteja kama huyu, Mama Libé ndiye atakayejibu. Mimi, aliponitazama, nilisema labda ni kweli, labda si kweli. Sikuwa wa msaada wowote.

"Mi sielewi, Sano," Mama Libé akasema. "Siyui kama hii ni ya Faradji, siyui kama si yake. Karatasi haitoke mpaka nielewe. Na nitajibu."

Akaagiza mgeni wa mapokezi apewe chai. Akafungia karatasi kwenye kabati, akatia ufunguo kwenye mkoba, akapanda pikipiki hadi Petite Barrière, kivuko cha mpakani cha waendao kwa miguu, akavuka kwa miguu pamoja na akina mama wa mboga.

Dukani kwa Faradji alimkuta Belyse, dada wa mwenye duka. Kabla hajauliza lolote, Belyse alimlalamikia.

"Mama Libé, tulikuandikia tangu juzi. Mbona haukujibu?"

Akamwonyesha kwenye simu. Faradji alikuwa ameandika kwamba anapanda boti kwenda Bukavu na hatapatikana, kwamba ghala halijawa tayari, na lori lisubiri palepale na Rutagengwa mpaka arudi. Mama Libé aliusoma, akakaa kwenye katoni ya sabuni. Hakuwahi kuuona ujumbe huo. Belyse alidhani ameugua, akamletea maji.

Walivuka pamoja kurudi Gisenyi. Dereva mpya alikuwa ameondoka. Alimwambia mlinzi anakwenda kununua vocha, akaacha chai nusu. Polisi walipewa taarifa, lakini hatukusikia tena habari zake. Wezi walijuaje lori liko kwetu, na kwamba Faradji yuko ziwani? Nimejiuliza mara nyingi.

Mama Libé hakuingia ofisini kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye ngazi.

"Mzee, kazi yako iko," alimwambia Rutagengwa. "Patron hakusema ile maneno. Tusamehe."

Mzee alivaa kofia yake, akaenda kukagua matairi. Tulimwona akizunguka lori lile mara kadhaa, ingawa matairi hayakuwa na shida yoyote.

Wiki hiyo Régis alipanda basi akaja mwenyewe. Alikaa kwenye meza ya Mama Libé, akapekua. Alama nyekundu aliyokuwa akibonyeza haikuripoti chochote. Ilikuwa ya kumzuia mtumaji. Ujumbe ule aliodhani ni wa mwizi ulikuwa wa Faradji wa kweli, na ndiye aliyezuiwa. Ujumbe wake wa Bukavu ulikuwa umelala kwenye folda ya taka, na ule wa mwizi ukapita mlango wa mbele. Hata sisi tuliokuwa na kitufe sahihi hatukuwa salama: ripoti zetu zote zilikwenda kwenye sanduku la barua la mfanyakazi aliyekwishaacha kazi, na hakuna aliyelifungua. Kitufe kilitushukuru bure.

Kwenye mkutano wa wafanyakazi mkurugenzi alianza kumsifu Mama Libé. Yeye akasimama, akamkatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mi ndiye nilimufungia Faradji mulango," alisema. "Nilizani naripoti mwizi."

Kisha Sano, ambaye hapendi kusimama mbele za watu, alisimama akasema kuwa yeye alikuwa na vitufe viwili na hakuwahi kumwuliza mtu kwa nini.

Régis aliondoa mabaki ya programu-jalizi ya zamani, akaweka ile iliyotengenezwa kwa toleo jipya, akabadilisha sanduku linalopokea ripoti. Mama Libé hakumruhusu aondoke hivihivi. Alimtaka akae na kila mfanyakazi, na kila mmoja atume ripoti ya majaribio mpaka ajibiwe na mtu aliye hai huko Kigali. Régis alilala Gisenyi bila kupanga, akanunua mswaki sokoni.

Wengine wangejisifu kwa kuokoa lori. Mama Libé alibaki na wasiwasi. Kwa miezi mingi, kabla ya kufungua barua nyingine yoyote, alianza na folda ya taka, akitafuta watu waliotupwa kimakosa. Alipata wachache: mteja wa Rubona aliyekuwa akiuliza saa za kazi, na mwalimu wa Nyundo aliyetaka wanafunzi wake watembelee ofisi. Wote aliwajibu kwa kuomba radhi. Wanafunzi walikuja, wakavunja kiti kimoja.

Sasa anakwenda Busasamana, ambako mumewe Ndahiro ameshapanda viazi na anasema hahitaji msimamizi wa mawasiliano. Tutaona. Anatuachia ofisi ambayo bado haielewi mambo mengi, na kwa kweli toleo jingine la programu linakuja mwezi wa Juni. Lakini siku hizi mtu akisema "sielewi", wenzake huacha walichoshika wakaja kutazama kioo pamoja naye. Kabla ya lile lori, haikuwa hivyo.

Mama Libé, asante kwa miaka yote hii, kwa maharage ya uani na kwa ufunguo uliokwenda nao Goma. Tunakuombea afya, mvua ya wastani na usingizi mrefu wa asubuhi. Ukituandikia kutoka Busasamana, tutakupigia simu kwanza kuhakikisha ni wewe kweli. Usikasirike, pokea tu, tukusikie sauti.