Mbuzi ya Bi Kazija Haiendi Makumbusho

Mgeni rasmi, Profesa Noh, bingwa wa kufukua miji mikuu ya kale ya Korea. Mwenye jengo, laoban wetu uliyekaa kushoto kwake na hujagusa chai. Ndugu wafanyabiashara wa Mtaa wa Dengfeng: tunawasalimu nyote, wenye amani na wasio nayo.

Makaribisho

Profesa, karibu ghorofa ya tatu, kwenye mgahawa wa Bi Kazija. Tunasema karibu kwa adabu tu, maana mwezi mzima umekuwa humu na kamba yako ya kupimia, ukiandika jinsi tunavyoishi. Leo angalau umekaa.

Tulikotoka

Bi Kazija alitoka Unguja kuja huku kwa Wachina kununua viatu. Akaona wenzake wanashinda kwenye masoko ya Zhanxi na njaa, akaacha viatu akashika chungu. Siku hizi mgeni akishuka uwanja wa ndege wa Baiyun huletwa hapa na begi lake, apate wali wa nazi na aambiwe duka lipi halitamlaghai. Hakuna aliyetuchorea ramani. Mpishi alikaa, muuza simu akakaa karibu na mpishi, kinyozi akafuata. Wewe mwenyewe ulituambia kwamba hata Gyeongju, mji wa wafalme wa Silla, ulikuwa vijiji kabla haujapigwa mistari ya barabara. Tulifurahi kufananishwa na wafalme. Bi Kazija peke yake hakufurahi.

Mafanikio

Siku ya kwanza uliomba kuona taka zake. Akajua ni bwana afya.

"Tahir, muulize huyu bwana, taka zangu anazitakia nini?"

Tahir, mkalimani wetu, akauliza, akarudi anacheka. "Anasema watu wa mji wa kale hujulikana kwa walivyovitupa."

"Mwambie mei you! Taka hapa hakuna!"

Akasugua jiko kutwa nzima. Jiko liking'aa vile hatujapata kuliona tangu lifunguliwe, na hayo tunayahesabu kuwa mafanikio yako.

Changamoto

Halafu ukatusimulia habari za Pungnap, kule Seoul, ambako ukuta wa udongo wa ufalme wa Baekje ulikutwa katikati ya makazi ya watu. Ulisimulia kwa furaha, mikono ikipaa. Bi Kazija akaweka mwiko chini.

"Na waliokuwa wakikaa juu yake?"

"Wengi walihamishwa," Tahir akatafsiri.

"Wakaenda wapi?"

Hapo, Profesa, ulikunywa maji.

Tangu siku hiyo Bi Kazija hana raha. Akaona alama za chaki mlangoni pake, akauliza ni za nini. Wanafunzi wako wakasema ni za vipimo tu. Yeye akauliza kama kwenu hupimwa kabla ya kubomoa au baada, nawe, kwa kuwa ni mtu mkweli, ukajibu kwamba kiwanja kikitaka kujengwa upya, wafukuaji ndio hutangulia. Na wewe laoban, tangu kamba ile iingie humu, ukiulizwa mkataba mpya wa pango unasema kesho. Hatukutuhumu. Tunasema tu kwamba kesho zimekuwa nyingi.

Juzi, Profesa, ukaomba mbuzi yake ya kukunia nazi, ukaiweke makumbusho. Uliomba kwa heshima, kwa mikono miwili. Lakini Bi Kazija amekusikiliza mwezi mzima, na vyombo vyote ulivyosimulia kuvikusanya vilikuwa vya watu waliokwisha kuondoka. Aliingia jikoni akafunga mlango, akamwambia Tahir: "Huyu ananijua nitahama. Mimi mwenyewe bado sijaambiwa."

Maombi

Tunalo moja. Tunakuomba utujibu hapa, laoban akisikia: unatuandika kwa sababu tupo, au kwa sababu tunaondoka? Kama kuna unalolijua, liseme kabla ya wali. Bi Kazija amesema hatapakua mpaka asikie.

Zawadi

Pokea kofia ya viua na kanga ya mkeo. Mbuzi haimo. Tunaposoma haya Bi Kazija ameikalia jikoni, anakuna nazi ya chakula cha kesho, na ukinyamaza kidogo utamsikia.

Mungu akurudishe kwenu salama, akupe umri mrefu, na kila mji utakaoufukua uwe umekufa kweli.

Ni sisi, Umoja wa Wafanyabiashara wa Ghorofa ya Tatu, Dengfeng, kwa sauti ya katibu wetu Godson.

Tupo.